Mizabibu ya Watu na Mizabibu Yetu

Mume wangu Marhoon hajapata kutia tone la mvinyo mdomoni mwake, lakini mwaka 1967 hapakuwa na mtu Maskati nzima aliyezijua njia za mvinyo kumshinda yeye. Ukitaka kwenda Bordo, Ufaransa, atakwambia ushukie stesheni gani na ulale kijiji gani, na nyumba ipi humfungulia mgeni mlango akatazame mapipa. Mto Moseli kule Ujarumani aliujua kijiji kwa kijiji. Duro ya Ureno aliijua, na mashamba ya nyuma ya Keptauni, na mwezi gani wanachuma wapi. Yote haya kichwani, na mtu mwenyewe hajafika hata Basra.

Ilikuwa ndiyo kazi yake. Alikuwa karani wa ofisi ya tiketi Matrah, na kabla ya hapo alifanya kazi ile ile Unguja, mpaka mambo ya sitini na nne yalipotutoa. Wazungu wa kampuni ya mafuta walipopata likizo walimjia yeye awapangie safari, na wengi wao, wallahi, likizo yao yote ilikuwa kutoka shamba la mizabibu hadi shamba la mizabibu, wakionja. Marhoon aliandika barua huko, akajibiwa, akatumiwa vitabu vya picha na ramani. Wenzetu wa Unguja walimtania sokoni wakimwita Mwalimu wa Ulevi. Yeye hujibu, "Kinyozi hajinyoi," akapita zake.

Tulikaa Darsait, nyumba ya mawe na udongo, vyumba viwili na majlisi ya wageni iliyokatwa kwa pazia. Tulikuwa watu wanane: mimi na yeye, watoto watano, na shangazi yake Bi Masouda binti Suud, mtu wa miaka sabini na tano, dada yake marehemu baba yake Marhoon. Bi Masouda ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Akikohoa, watoto wananyamaza.

Sasa sikiliza shida yetu. Tuliingia Maskati kwa karatasi ya safari tu, na kila miezi sita Marhoon alikwenda ofisi ya pasi kuomba tuongezewe. Mwaka ule karani wa pale akamwambia basi, imetosha. Lete barua ya shekhe wa kabila lako, aseme wewe ni wao na babu yako ni fulani wa mahali fulani. Ukiileta, unapata pasi, wewe na watu wa nyumba yako. Usipoileta mpaka mwezi wa kumi, rudini mlikotoka. Mlikotoka wapi? Kule tulikotoka nyumba yetu ilikuwa na watu wengine na majina yetu yamo kwenye orodha ya wanaotafutwa. Nlikuwa silali vizuri, na mie si mtu wa kukosa usingizi.

Kabila tulilijua. Kijiji tulikijua kwa jina, kiko juu ya Jabal Akhdhar, mlimani kabisa. Marhoon bin Nasor bin Suud bin Marhoon, majina hayo watoto wote waliyasoma kama Alhamdu. Lakini babu Suud aliondoka huko miaka ya themanini ya karne iliyopita, na hapana aliyerudi tena. Familia tatu za kwetu zilikwisha kupeleka majina mlimani wakajibiwa kwamba hapana anayewajua. Mbili zikenda Kuweti, moja Dubai, kila mtu na mabegi yake.

Hapo ndipo akaja Bwana Pitasi, mtu wa visima vya mafuta, mteja wa zamani wa Marhoon. Alikwisha kuzunguka Ufaransa yote akachoka. Akamwambia Marhoon, "Nasikia juu ya mlima wenu huu kuna mashamba ya mizabibu. Nipangie njia ya huko."

Marhoon alirudi nyumbani siku ile uso umemshuka. Akaniambia, "Kheiria, mie nampeleka mtu mpaka Mto Rini nimefumba macho. Kaniuliza njia ya kwa babu yangu, nimebaki namtazama."

"Usilolijua ni kama usiku wa kiza," nkamwambia. "Nenda kaulize."

Akenda Matrah sokoni, pahala wanapouza zabibu za mlimani. Zilikuwa zinateremshwa kwa punda mpaka bondeni, kisha kwa lori. Mwenye vikapu alikuwa mzee mmoja mkavu, ndevu nyeupe, jambia kiunoni, jina lake Aflah. Marhoon akamsalimu kwa kile Kiarabu chake cha ofisini, akaanza: mtu akitaka kwenda huko kutazama mizabibu ashike njia ipi, alale wapi, siku ngapi.

"Kutazama mizabibu?" mzee akauliza. "Imefanya nini?"

Marhoon akamweleza kwamba duniani huko watu hulipa nauli, wakapanda meli na treni, kwenda kutazama tu. Na kuonja. Mzee akasema kuonja zabibu si lazima upande meli, chukua hii uonje. Marhoon, maskini, mkweli kupita kiasi, akamjibu kwamba wanaonja mvinyo. Mzee akasema astaghfirullah, akakirudisha kile kichala kikapuni. Kisha akamuuliza yeye ni nani hasa. Marhoon akataja majina yake yote na kijiji.

Mzee akamtazama sana. Akasema, "Kijiji hicho ni changu. Shekhe wa sasa ni mtoto wa ndugu yangu. Mambo ya nani ni nani ananiuliza mimi, ninalosema mimi ndilo analolipiga muhuri. Kesho kutwa baada ya alasiri ntakuja kwako."

Bwana Pitasi, nimalize habari yake, hakwenda. Ruhusa ya kupanda mlima iliombwa ikakataliwa, kama zilivyokataliwa ruhusa nyingi siku zile, na Marhoon akampangia Alsasi, Ufaransa ile ile iliyomchosha.

Lakini sisi tulikuwa tumempata mtu. Siku mbili zile nlisugua nyumba mpaka mikono ikaniwasha. Nlikaanga vitumbua, nlipika halua, nlitoa vikombe vya kahawa ambavyo sijavitoa tangu tufike. Marhoon alikuwa akijisomea majina ya mababu kama mtoto wa skuli. Bi Masouda peke yake ndiye hakuuliza kitu. Alisema kichwa kinamuuma, akalala ameelekea ukutani. Nkadhani joto.

Na hapa lazima niseme jambo langu mwenyewe, kwa sababu lina haja yake. Mimi niliolewa na Marhoon kwa ajili ya babu yake. Nilikuwa na mposaji mwengine, mtu wa mikarafuu, ana shamba Kizimbani, na si mbaya wa sura. Baba yangu alimkataa. Alimkataa kwa sababu Bi Masouda alikuja kwetu akakaa na mama, akaeleza jinsi baba yake Suud alivyoteremka Jabal Akhdhar na Mas-hafu kwapani, kuja kuwafundisha watoto wa Unguja dini kwa radhi ya Mungu. Baba akasema, "Huo ndio ukoo." Na mie nikapelekwa kwenye ukoo. Nampenda Marhoon, hayo hayana shaka, lakini mara nyingi alipokuwa akinikera nilimkumbuka yule wa mikarafuu.

Haya. Mzee Aflah akaja. Akakaa majlisini na Marhoon, mimi na Bi Masouda tuko nyuma ya pazia kama desturi. Akaleta kikapu cha zabibu, zawadi, nyeusi, zingali na vumbi lake. Tukapitisha halua na kahawa, wakaulizana habari: habari za watu, habari za mvua, habari za njia, kheri, kheri, kheri, mpaka Marhoon akaishiwa na Kiarabu. Kisha mzee akasogeza kikapu akasema, "Kula, zabibu za nyumbani kwenu."

Marhoon akasema, "Mungu akuzidishie, ami. Sisi hatuli."

Na kweli hawali. Kwao zabibu ni mwiko. Nilipoolewa nilipika pilau ya kwanza nikatia zabibu kavu, na Bi Masouda akawamwagia kuku pilau yote. Nlilia siku ile. Nkauliza kwa nini, nkaambiwa ndivyo walivyokuta. Basi mie miaka ishirini napika pilau haina zabibu, na watoto wangu wakipewa kwa watu huzichambua wakaziweka ukingoni mwa sahani.

Mzee Aflah akakisukuma kikapu kando. Kisha akauliza polepole, "Hamli tangu lini?"

"Tangu babu."

"Babu yako alikuwa mtu gani?"

Marhoon akajitengeneza kukaa. Hiki ndicho alichokuwa akikingoja. Akamweleza Mas-hafu kwapani, watoto wa Unguja, msikiti, swala za usiku, yote kama tulivyopewa na Bi Masouda. Alieleza vizuri, hata Kiarabu kilimtii.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mtu huyo mie simjui. Mlimani kwetu hajaondoka mwalimu aitwaye Suud bin Marhoon. Mwanangu, majina kila mtu anaweza kuyahifadhi. Watu wengi wananijia na majina siku hizi."

Nkamtazama Bi Masouda. Alikuwa amefumba macho.

"Yuko Suud bin Marhoon mmoja ninayemjua," mzee akaendelea. "Sijamwona, sikuwa nimezaliwa, lakini kijiji kizima kinamjua. Alikuwa na vitalu saba vya mizabibu chini ya mfereji. Akizikamua zabibu zake akizifanya mvinyo, ndani ya pango, mitungi kumi na mmoja. Babu yangu mimi ndiye aliyeingia akaivunja. Wakamwambia atubu mbele ya watu, akakataa, akasema zabibu ni zake. Wakamtenga. Siku arubaini alitoa salamu njiani na hapana aliyemjibu. Siku ya arubaini na moja akasimama langoni akaapa kwamba yeye na kizazi chake hawatatia zabibu mdomoni, akaondoka kwenda bandari ya Suri, kisha tukasikia Unguja." Akakohoa. "Kama babu yako ni huyo, ntasema na barua itapigwa muhuri. Kama ni yule wa Mas-hafu, basi Mungu amrehemu, lakini si wetu. Ni yupi?"



Nlijua Marhoon anafikiri nini kama nlivyojua kiganja changu. Yule Mwalimu wa Ulevi, anayeuza njia za mvinyo, kumbe ni mjukuu wa mkamua mvinyo. Wangemcheka Matrah mpaka kaburini. Lakini si hilo lililomzuia, namjua. Alikuwa anamfikiri shangazi yake nyuma ya pazia, mtoto wa mtu yule, anasikia. Mtu mwenye miaka sabini na tano, huna la kumwachia ila baba yake.

Marhoon akasema, "Huyo si babu yangu, ami."

Nami nkataka kumrarua. Pasi nane. Wanangu watano. Mwezi wa kumi ulikuwa mlangoni. Nlishika pazia, na lau nsingeona haya ya mgeni ningelivuta lote.

Mzee akasema, "Basi tumemaliza," akaweka kikombe, akashika fimbo yake.

Na hapo Bi Masouda akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti kubwa, "Assalaamu alaykum, ewe Aflah."

Mzee akasimama pale pale. Si kwa salamu tu. Bi Masouda alipoendelea kusema, alisema Kiarabu ambacho sisi tulikuwa tukimcheka nacho, kizito, cha kizamani, alichofundishwa na baba yake. Sisi tulidhani ni uzee. Kumbe kilikuwa ni cha kijiji kile, neno kwa neno. Uso wa yule mzee ulibadilika, mimi nlichungulia nikauona.

"Waalaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakaatuh," akajibu, yote, bila ya kupunguza. Kisha akakaa.

"Ndiye," Bi Masouda akasema. "Baba yangu ndiye huyo uliyemsema. Mitungi ilikuwa kumi na miwili, mmoja babu yako hakuuona. Andika."

"Shangazi," Marhoon akasema.

"Nyamaza. La kuvunda halina ubani. Nimelifukiza udi miaka hamsini, nimechoka." Akawa anahema. "Mas-hafu nilimtia mimi kwapani. Yeye hakuwa nayo. Aliteremka na koti na kisu cha kupogolea mizabibu."

Marhoon akamuuliza kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "Kwa nini hukutwambia?"

"Ningewaambia, nani angewaoza?" Bi Masouda akasema.

Akanigeukia. Alinitazama mimi, si pazia wala ukuta. Alijua fika kakaa na mama yangu siku ile, kanywa chai yetu, na baba yangu kamrudisha mtu mwenye shamba Kizimbani kwa ajili ya Mas-hafu ambayo haikuwepo. Nlitaka kumwambia maneno ambayo mke wa mtu hamwambii shangazi wa mumewe.

Mzee Aflah akasema, "Ushahidi wa mwanamke mmoja nimeusikia. Nnataka wa pili, aseme kwamba amesikia ikirari hii na kwamba huyu bibi anamjua, ni binti Suud wa nyumba hii. Yupo?"

Hapakuwa na mwengine ila mimi.

Sitaki nijifanye mwema. Niliwaza, mwache aungue kidogo, huyu bibi aliyenimwagia pilau. Niliwaza baba yangu, maiti sasa, aliyekuwa akijisifu msikitini kwa ukoo alioupata. Na yeye Bi Masouda hakuniomba. Alikaa tu, mikono mapajani.

Nkasema, "Mimi ni Kheiria, mke wa Marhoon bin Nasor. Nimesikia. Huyu ni Masouda binti Suud bin Marhoon, na baba yake ndiye aliyekamua zabibu." Maneno yalipotoka niliona mbona mepesi.

Mzee akatoa karatasi na kalamu ya wino ndani ya kanzu, akaanza kuandika juu ya goti. Alipofika katikati akauliza kama aandike na ile sababu ya kuondoka au aiache, maana serikali haina haja nayo.

"Andika," Bi Masouda akasema. "Nimemfanya mtu mwengine muda mrefu, mpaka wangu nimempoteza. Baba yangu hakuwa mtu wa swala za usiku. Alikuwa mtu wa kucheka. Alipanda mzabibu uani kwetu Malindi, Unguja, ukatoa majani miaka kumi na mbili, hata chembe moja haukuzaa, naye kila asubuhi anautukana. Nilimpenda hivyo. Kisha akafa, nkaona khofu ya watu, nkamvika kilemba kisichokuwa chake." Hapo akalia, wazi, bila ya kujifunika.

Mzee Aflah akaandika yote. Alipomaliza akakunja karatasi akampa Marhoon, akasema shekhe ataipiga muhuri wiki ijayo, nendeni nayo ofisini.

Nkauliza kutoka pale pale nyuma ya pazia, "Ami, wale wenzetu watatu uliowakataa, babu zao walikuwa watu gani?"

"Sijui, binti yangu," akasema. "Walisema walikuwa watu wema, na pengine ni kweli. Wameondoka wengi mlimani kwetu. Wema hatuwakumbuki."

Marhoon alicheka, kicheko cha kulia. Watoto wangu watano wamepata nchi kwa sababu babu wa baba yao alikuwa mtu wa mvinyo na mkaidi. Lau angekuwa yule wa Mas-hafu, aliyenioza mimi, mwezi wa kumi tungekuwa njiani na mabegi.

Mzee akataka kuondoka, Bi Masouda akamzuia. Akamuuliza wanasemaje huko juu, alikuwaje alipokuwa kijana, alikuwa akiimba alipopogoa, alikuwa na rafiki gani. Mzee akasema habari ni nyingi. Bi Masouda akamwambia, "Basi kaa."

Akakaa. Akaanza na ile siku Suud alipomuuza punda wa baba yake. Kahawa ikapoa, nkaipasha. Ikapoa tena, nkaipasha tena, pamoja na hasira zangu zote, kwa sababu na mimi nilitaka kusikia.